Jani Nililomfunikia Mdudu

Tangu Alhamisi siwezi kupita mbele ya kanisa bila kuinamisha kichwa.

Mimi ni mchoraji katika biro ya kuchunguza wadudu hapa Albertville, karibu na mto Kalemie. Bwana wangu alikamata ziwani mdudu kama nondo, yule ambaye mtoto wake hujijengea nyumba ya mchanga majini. Alisema ni aina mpya, haijaandikwa popote. "Siprian, chora dume lote," akaniambia.

Nikachungulia kwenye mikroskopi. Mama yangu! Kwenye ncha ya tumbo uume wake ulikuwa nje wote, na kioo kile kiliufanya mkubwa kama ngumi. Na kila Alhamisi Padri wetu huja kutazama picha. Mimi, mwimbaji wa kwaya, nimwonyeshe Padri uchafu huo? Nikamkalisha mdudu kwenye jani zuri, likamfunika pale pale. Nikajiona mwenye akili.

Alhamisi Padri alifika, na picha ilitakiwa kuondoka na posta mchana. Bwana akaifungua. Akachungulia kwenye mikroskopi, akairudia picha.

"Padri, wadudu hawa wote wanafanana," akasema polepole. "Tofauti njo hapa tu, kwenye ncha ya tumbo. Siprian, hili jani limetoka wapi?"

Nikamgeukia Padri, aliyenifundisha kuchora kwenye ukuta wa kanisa.

"Padri," nikasema, "si njo lile tulimuvalisha Adamu?"