Shati la Njano la Baba Kulwa

Benjamini, dobi wa Kahama, alikuwa na haya kiasi kwamba akikuletea nguo zako alibisha hodi kwa sauti ya chini, akazitundika mlangoni, akaondoka kabla hujaitikia. Watu walimwita Baba Kulwa kwa ajili ya mabinti zake mapacha wa miaka saba, Kulwa na Doto. Kazi yake ndiyo iliyomsemea: kola zilisimama, na mikunjo ya pasi yake ingeweza kukata kitunguu.

Basi walipokuja watu wa filamu, wakamchukua yeye. Mwongozaji wao, dada mmoja wa Mwanza aitwaye Wema, alikuwa ameuchukua mchezo wa kuigiza wa Kiingereza wa miaka mia nne iliyopita, wa mapacha waliopotezana utotoni wakaja kuuvuruga mji mzima kwa kufanana, akauhamishia kwenye mji wa dhahabu kama Kahama. Mapacha akawaita Kulwa na Doto. Mwigizaji alikuwa mmoja tu, Gregory, akicheza wote wawili.

"Sasa watu watawatofautishaje?" Benjamini aliuliza huku akiangalia viatu vyake.

"Kwa rangi," alisema Wema. "Kulwa ni bluu. Shati bluu, mlango bluu, mpaka kikombe cha chai. Doto ni njano. Mke wa Kulwa akimvuta shemeji yake ndani akidhani ni mumewe, watu wataona shati la njano linaingia mlango wa bluu, ukumbi utalipuka! Rangi ndiyo roho ya filamu, Baba Kulwa, na roho hiyo iko kwenye beseni lako. Zitunze mpaka siku ya mwisho, nami nitaliandika jina lako mwishoni."

Jina! Benjamini alirudi nyumbani kwa baiskeli mikono ikiwa hewani. Aliwaahidi mabinti kwamba wataliona jina la baba yao limeandikwa ukutani kwa taa, nao wakaruka juu ya kitanda mpaka chaga ikavunjika.

Wiki mbili alifua njano tupu, maana walianza na sehemu za Doto. Wiki mbili nyingine akafua bluu tupu. Kisha, kwa ajili ya siku ya mwisho, mapacha watakapokutana, yakaletwa mashati yote mawili pamoja, kila moja na kikaratasi chake: KULWA. DOTO.

Hapo mkono ukamponza. Nyumbani kwao, tangu enzi za mama yake, nguo za mapacha hazitenganishwi. Hufuliwa beseni moja, huanikwa kamba moja, la sivyo mmoja ataugua kwa wivu. Miaka saba alikuwa akifua hivyo. Alisoma vikaratasi, akavitoa, akatumbukiza mashati yote mawili, akaenda kuchochea mkaa wa pasi huku akiliwaza jina lake ukutani.

Aliporudi, bluu ilikuwa imepauka kidogo. Njano haikuwepo tena.

"Bebe! Wewe, Baba Kulwa!" mkewe, Sikujua, alichungulia beseni. "Umefua mashati au umepika kisamvu?"

"Nimewachanganya mapacha wa watu."

Sikujua alicheka mpaka akakalia ndoo. Kisha akajifuta macho. "Nenda ukaseme. Kwa mdomo! Usije ukatundika mlangoni ukakimbia."

Alikwenda. Gregory alikuwa tayari amefunga begi, basi lake la Dar likiondoka saa nane. Wema aliinua lile shati la kijani juani.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Benjamini akasema, na watu wakageuka, kwani wengi hawakuwahi kumsikia. "Kwetu mapacha hufuliwa pamoja. Mkono umezoea. Nisamehe, na jina langu liache tu."

Wema alilichukua na lile la bluu. Akalitazama shati, akalitazama na la bluu. Ghafla akaanza kurukaruka.

"Wamekutana kwenye beseni kabla ya kukutana kwenye filamu! Lete lile boza la maji la kumwagia vumbi barabarani! Watakumbatiana kwenye mvua, bluu ya kaka imwingie mdogo wake, Doto aondoke akiwa kijani!"

"Na mimi nitajikumbatiaje mwenyewe?" aliuliza Gregory.

Wote wakamtazama Benjamini, mabega yake yakilingana na ya Gregory. Wiki iliyopita walimwomba awe mgongo wa pacha, kamera imwone kwa nyuma tu, akajificha nyuma ya pipa. Leo alinyoosha mikono, wakamvika lile shati la kijani, bado bichi. Boza likafungua maji, Gregory akaja mbio na shati la bluu, wakakumbatiana, wakateleza, wakaanguka topeni wakicheka. Wema alipiga kelele wasimame, hawakusikia.

Jumamosi moja mchana filamu ilionyeshwa ukumbini Kahama. Shati la njano lilipoingia mlango wa bluu, watu walipiga mabenchi. Ikaja mvua, na mgongo wa kijani ukajaa ukuta mzima.

"Huo mgongo wa baba!" walipiga ukelele mapacha, wakapanda juu ya benchi.

Yakaanza kupita majina. Benjamini alifumba macho. Sikujua akamfinya, akafumbua: *Rangi: Benjamini, Baba Kulwa.*

"Yuko wapi? Asimame!" watu wakapiga kelele.

Akasimama nusu, akakaa. Akasimama tena. Kisha, kwa kuwa uso wake hawakuujua, akawageuzia mgongo.

Ukumbi ukalipuka.