Damu ya Talha, Msukuma Mkokoteni

Miaka tisa Talha alisukuma mkokoteni Kiwalani bila kuugua hata mafua. Kwa hiyo karatasi ya kiwanda cha sabuni alikoomba kazi iliposema hafai, alikaa chini palepale getini kama aliyekatwa miguu. Chembe nyeupe za damu zimepanda mno, iliandikwa. Huyu ana ugonjwa unaomtafuna. Nafasi yake ya upakiaji, ajira ya kudumu, wangeishikilia mpaka Jumamosi tu, akileta kipimo kingine kilicho safi.

Mkewe Somoe alilia kabla hajauliza unamtafuna wapi. Mpaka jioni mtaa ulishamzika. Jirani mmoja alikuja kutoa pole, macho yake yote yako kwenye mkokoteni.

Kesho yake wakaenda Buguruni kwa Mzee Kutbuddin, mwenye maabara iliyompima. Mzee aliitikia shikamoo bila kuinua macho, akauliza kitu kimoja: siku ile, kabla ya kutoa damu, Talha alifanya nini?

Talha akaeleza kwa fahari. Aliamka alfajiri, akasukuma saruji kutoka Vingunguti, mbio mwanzo mwisho, ili wakimpima waikute damu imechangamka.

Mzee akavua miwani. "Mifuko mingapi?"

"Kumi na miwili, mzee. Nikaja hapa moja kwa moja, hata jasho sikufuta."

Kutbuddin alicheka mpaka akakohoa. Akawaeleza kwamba misuli ikifanyishwa kazi ya punda, mwili humwaga kwenye damu wajumbe wa kutangaza hatari, wa aina ileile wanaotumwa maradhi yakiingia, na chembe nyeupe hutoka mbio kama wenye maduka waliosikia mwizi. Ila mwili una breki zake. Wajumbe haohao huita wenzao wa kutuliza, na mtu akipumzika, kila kitu hurudi mahali pake. Aliyasoma kwenye jarida alilotumiwa na bintiye Ummulbanin kutoka Ulaya: wakimbiaji wazima kabisa, damu zao mwisho wa mbio kama za wagonjwa.

"Kaa siku mbili," akasema. "Usisukume, usibebe, usikimbie."

Somoe aliishika amri ile kuliko mzee mwenyewe. Talha akigusa ndoo, ananyang'anywa. Jumamosi asubuhi alipovaa viatu, akaulizwa anakwenda wapi kwa miguu.

"Baba Lulu, panda." Somoe alikuwa ameshashika mpini wa mkokoteni.

Talha alikataa, akabembeleza, akapanda. Kiwalani iliachama. Wanawake walivuta kanga vichwani, muuza kahawa akasema innalillahi, na marehemu akampungia mkono. Kikombe kilimponyoka muuza kahawa.

Kipimo kilitoka safi. Mzee Kutbuddin akagonga muhuri, kisha akamtazama Somoe aliyeegemea mlango, kanga imelowa chapachapa, pumzi zinapanda na kushuka.

"Mumeo mzima," akasema. "Wewe leo usithubutu kupimwa."

Talha aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akatoka nje kushika mpini. Kiwandani saa sita walimpokea msukumaji mwenye damu safi, mkewe juu ya mkokoteni, akipepewa na upepo.