Swafiya Aliyeona Haya Kufurahi

Katika mtaa wa Biryogo, Kigali, Swafiya hakujulikana kuwa mtu wa kucheka mpaka alipokaribia miaka hamsini.

Aliolewa akiwa binti mdogo na Nduwayo, dereva wa lori aliyeleta mizigo kutoka Mombasa kupitia Uganda. Kila aliporudi, nyumba ilijaa majirani. Nduwayo alikaa mkekani na kahawa yake, akasimulia habari za mvua ya Eldoret, askari wa mpakani na simba aliyelala katikati ya barabara, na watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Swafiya alikuwa jikoni, mtoto mmoja mgongoni, mwingine akimvuta kanga. Hadithi za mumewe alizisikia nusunusu, katikati ya moshi.

Vita vilipoanza kaskazini, Oktoba 1990, barabara ya Gatuna, mpakani na Uganda, ilifungwa. Malori yakaanza kuzungukia Tanzania, na tajiri wa Nduwayo akawabakisha vijana walioijua njia hiyo. Nduwayo akarudi nyumbani na begi lake, akakaa. Mwanzoni majirani walikuja kumpa pole. Baadaye wakapungua, maana hadithi zake walikwisha kuzisikia zote.

Kwa Swafiya mambo yalikuwa kinyume. Watoto walikuwa wakubwa, amebaki kitindamimba tu, Hadidja. Yeye na jirani yake Générose, mjane Mkristo, waliweka vyerehani barazani, wakawa wanashona nguo za maharusi. Swafiya aliimba huku akikanyaga cherehani. Alinenepa, uso ukang'aa. Ndani, Nduwayo alisikiliza redio kwa sauti ya chini.

Mwaka 1992 Hadidja akaposwa na Hamada, naye dereva. Alasiri moja kabla ya harusi, wanawake wakakusanyika uani kumfunda bibi harusi. Katikati ya mazungumzo Hadidja akauliza, "Mama, katika ndoa yako, miaka ipi ilikuwa mizuri kuliko yote?"

"Hii ya sasa," Swafiya akajibu papo hapo.

"Siyo ile ya ujana wenu?"

"Ile alifurahi baba yako. Mimi nilikuwa naomba ipite tu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Swafiya, kwa kunogewa, akaongeza, "Furaha ni zamu, mwanangu. Yake imekwisha, sasa ni yangu!"

Vicheko vikakatika ghafla. Nduwayo alikuwa amesimama mlangoni na jagi mkononi. Alikuja kuchota maji. Aliliweka jagi chini polepole, akasema, "Samahanini, akina mama," akarudi ndani. Swafiya alihisi uso unawaka moto. Générose akamshika goti.

Jioni Nduwayo alikula, akasifu mchuzi. Kesho yake akatoka mapema bila kuaga, na ikawa hivyo kila siku. Générose ndiye aliyeleta habari kwamba ameonekana Gikondo, malori yanakoegeshwa.

Swafiya akajitanda mtandio, akaenda. Alimwona mumewe akifuta kioo cha lori la mtu mwingine huku akimsimulia dereva, kijana wa umri wa wanawe, habari za yule simba. Kijana alisema, "Ndiyo mzee, ndiyo mzee," macho yakiwa kwenye saa yake. Swafiya akageuka kabla hajaonekana. Njia nzima hakuweza kuinua uso. Maneno ya uani yalikuwa mabaya, lakini kulikuwa na baya zaidi: mtu huyu amekuwa akinyauka chumba cha pili, na yeye barazani anaimba.

Nduwayo aliporudi, alimwambia, "Baba Hadidja, yale niliyosema..."

"Ni kweli au si kweli?"

Kudanganya kungekuwa rahisi. Alitamani kudanganya.

"Ni kweli."

Nduwayo akaketi mkekani. "Mimi nilidhani tulikuwa tunafurahi wote wawili."

Siku ya harusi, baba wa bibi harusi alipopewa nafasi ya kusema, watu walikaa tayari kwa kichekesho. Nduwayo akamgeukia Hamada. "Kijana, ukirudi safari, usianze kusimulia. Muulize kwanza huyu alikaaje. Mimi sikuuliza."

Wachache walicheka, wakidhani kichekesho kinafuata. Swafiya alikodolea macho mkeka. Mwanamume aliyependa sifa kuliko kitu chochote alikuwa amejivua nguo mbele ya wakwe. Swafiya peke yake alijua kwamba habari ile ilikuwa nusu: tangu Nduwayo arudi nyumbani, hata yeye hakuwahi kumuuliza.

Hadidja alipoondoka, wakabaki wawili. Nduwayo akaanza kuuliza. Alikuja barazani na kiti chake. "Mwaka ule nilipokwama mpakani Malaba, watoto wana surua, ulifanyaje?" Swafiya alisimamisha cherehani, akajibu kidogo kidogo, na kila jibu liliwainamisha wote wawili.

Asubuhi moja, naye akapata ujasiri. "Na wewe? Tangu kazi ya lori iishe, unakaaje hapa nyumbani?"

Nduwayo aliitazama mikono yake.

"Vibaya," alisema. "Vibaya sana, Swafiya."

Swafiya akafunika cherehani, akasogeza kiti karibu naye. Siku hiyo hakushona.