Mgongoni mwa Karatasi

"Karatasi mimi siisomi usoni tu, naisoma mpaka mgongoni!"

Hivyo ndivyo Bi Nukta alivyojigamba mbele ya wapangaji wote, wamejipanga kwenye ngazi kama wanaosubiri kupigwa picha. Jina hilo alipewa kazini, maana katika miaka ishirini na sita ya kupiga taipu hakuna nukta iliyowahi kumponyoka. Siku hiyo msimamizi wa jengo alikuwa ameleta mkataba mpya wa televisheni. Bi Nukta akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya bungeni: "Kila nyumba itachagua kampuni moja." Akatia sahihi wa kwanza. Wenzake wakafuata, kondoo wenye kalamu. Jioni akamsimulia mdogo wake jinsi alivyojigamba, neno kwa neno, kwa mikono.

Wiki ya pili mafundi wakapanda paani na koleo. Madishi yote kumi na tisa yakashuka, la Bi Nukta likiwemo. Ukutani ukatambazwa waya mmoja mweusi, wa kampuni moja.

Sasa, mdogo wake huyo ni kiziwi tangu utotoni. Kila saa moja jioni alikuwa akikaa mbele ya chaneli moja tu, ile ambayo konani mwa skrini kuna mwanamke anayetafsiri habari kwa mikono. Dunia yote ilimfikia kupitia kona hiyo, na kwenye dishi ilikuwa bure. Waya ulileta mieleka, katuni, na mwanamume anayeuza masufuria kutwa nzima.

Bi Nukta akashuka ngazi na mkataba mkononi, hasira zimempanda mpaka miwani inafanya ukungu.

"Imeandikwa kila nyumba itachagua! Yangu imechagua lini?"

Msimamizi alikuwa kwenye kibanda chake cha getini, kijiti mdomoni. "Mama, nyumba ni hili jengo zima. Nyumba imeshachagua. Humo mnamokaa ninyi ni vyumba."

"Vyumba?" Akachomoa risiti kwenye mkoba. "Na hapa umeandika nini kwa mkono wako? 'Nimepokea elfu mia moja, kodi ya nyumba ya mwezi.' Kumbe nalipia ghorofa zote sita! Lete funguo zangu, nina wapangaji wananisubiri!"

"Mama mwenye nyumba," kinyozi wa ghorofa ya pili akadakia, "bomba langu linavuja!"

Ngazi nzima ikaangua kicheko. Msimamizi naye akacheka, na hicho ndicho kilichomchoma Bi Nukta: yule bwana alicheka kwa raha zake, kama mtu asiyedaiwa jibu na yeyote.

"Sahihi ya kwanza ni ya nani, mama?" akauliza, akihamisha kijiti upande wa pili.

Bi Nukta akaukunja mkataba. Akapanda ngazi bila kumtazama mtu.

Juu, mdogo wake alikuwa amekaa mbele ya muuza masufuria, mikono imelala mapajani. Bi Nukta akamweleza yote, kwa ghadhabu hata akapiga kikombe kikaanguka. Mdogo akamtazama mpaka mwisho. Kisha akadonoa hewa kwa kidole, ndiyo alama ya jina la dada yake, na akageuza kiganja juu chini.

Mgongoni je?

Bi Nukta akapindua karatasi. Kulikuwa na maandishi madogo, orodha ya vifurushi. Chaneli ya mwanamke wa konani ilikuwa mstari wa mwisho, kwenye kifurushi cha juu kabisa.

Elfu tisini kwa mwezi.