Karibu Yangu Iliyoliwa Durban

Nilipofanya kazi bandarini Durban, sisi wabeba mizigo tulijazana kwenye mgahawa mmoja wa Kitaliano wenye bei za watu kama sisi. Pizza yangu ilifika, mzee wa meza ya jirani bado anangoja yake. Nikanyoosha mkono: "Karibu tule, mzee wangu," kwa Kiingereza changu cha bandarini.

Kwetu Chuno jibu la karibu ni moja: "Asante, nimeshiba," hata kama tumbo linalia. Huyu akavuta kiti, akaanza kula! Mimi niliyekuwa nabeba magunia mawili ya korosho kwa mpigo, nikashindwa na meno ya mzee.

"Kula, kijana, inapoa!" ananihimiza nile pizza yangu mwenyewe.

Yake ikaletwa. Akarudi mezani kwake, akanigeuzia mgongo, akaimaliza. Jamani, hata karibu ya uongo hakunipa!