Mzigo wa Kujaribia Pikapu

Juni 1993 nilimpoteza mume wangu. Aliacha nyumba ya Chang'ombe, hapa Dodoma, na pikapu aliyokuwa akibebea mtama na karanga kutoka vijijini mpaka soko la Majengo. Biashara ya nafaka ilikuwa imeachiwa huru miaka ile, na mwenye gari hakukosa kazi. Nikiwa edani nilipanga moyoni: nikitoka, nitatafuta dereva, niiendeleze kazi ile.

Nilipotoka, pikapu iliwaka vizuri, ikaenda kidogo, ikazima. Ukingoja inawaka, halafu inazima tena. Fundi alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, ikazima vilevile. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa ameshapata mnunuzi.

"Shemeji, tuiuze ingali na bei," aliniambia.

Nilimwomba angoje fundi ajaribu mara ya mwisho.

Mara hiyo ilipozima, fundi alifungua tangi kuangalia kama petroli ipo. Kifuniko kikavuta hewa, fyuuu. Akakigeuza. Ndani yake kulikuwa na kipande cha mpira wa tyubu, kimekatwa mviringo, kimebana sawasawa juu ya tundu la hewa.

"Nani kaziba hapa?"

Shemeji akainua mkono polepole. Muda wote wa eda gari lilikaa uani bila kazi, na upepo wa Dodoma wa miezi ile kila mtu anaujua. Aliogopa vumbi lisije likaingia kwenye mafuta.

"Umelinyonga gari la watu, bwana! Tangi nalo linapumua; hewa isipoingia, petroli haishuki." Fundi akautupa mpira. "Sasa tukalipandishe mlima wa Chimwaga. Lakini likiwa tupu halitasema kweli. Nipeni mzigo."

Mzigo hatukuwa nao. Waliokuwapo ni majirani zangu, wanawake waliokuja kunijulia hali.

"Na sisi je?" akasema jirani wa ukuta mmoja, mnene kuliko wote. "Mimi hapa gunia la lumbesa, tena halijashonwa."

Wakapanda nyuma wakivutana khanga. Shemeji wakamweka katikati. Mimi nilikaa mbele na fundi.

"Shemeji, ukiona vumbi utuzibe pua!"

"Acheni hizo, mama zangu."

"Tuache, na wewe ndiye uliyetuchelewesha?"

Tulipofika pale ilipozoea kuzima, wa nyuma wakashikana mikono. Nilikuwa nimeshika mlango kwa mikono miwili. Fundi akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, ikapita, ikaanza kupanda, haikukwama hata mara moja. Ndipo vigelegele vilipoanza, na yule jirani akawa anagonga bati la juu ya kichwa changu: "Panda, mwanangu, panda!"

Sitasema uongo. Katika kipande kile cha mlima sikumkumbuka marehemu hata kidogo. Nilikuwa nacheka.

Kule juu fundi akaizima kwa makusudi, akaiwasha. Ikaitika. Tukarudi mjini bila kusimama, na fundi akapitia Majengo ili izidi kuzunguka. Sokoni shemeji akagonga bati, akaruka chini.

"Namwendea yule mnunuzi," akanipigia kelele dirishani. "Nikamwambie haiuzwi."

"Na ile dawa yako ya vumbi usimfundishe!" wakamjibu wa nyuma.

Tulikuwa bado tumesimama pale, wanawake wanacheka, muuza mtama mmoja alipokuja akaniamkia, akauliza kama gari lina nafasi ya kwenda stesheni. Nikamwambia ninayo. Wanawake wakashuka, magunia yakapanda.