Ombi la Tatu

Kabla hajawa mchungaji alikuwa fundi bomba, na wapo wanaosema kazi ile hakuiacha hata siku moja, alibadilisha wateja tu. Kanisa la Kibaptisti alilopewa kulichunga lilikuwa na birika la ubatizo chini ya mimbari, limefunikwa kwa mbao, na birika hilo lilikuwa likivuja tangu lijengwe. Wachungaji watatu waliomtangulia walilivumilia. Yeye wiki ya kwanza tu alivua koti, akashuka humo na spana na saruji, na Jumapili iliyofuata maji yakakaa. Waumini wakasema huyu kweli ametumwa.

Jina la Mchungaji Kiwiko alilipata kwenye birika hilohilo. Wabaptisti hawanyunyizi. Mtu huzamishwa mzimamzima, na hazamishwi mpaka awe na akili zake na aombe mwenyewe kwa kinywa chake. Sasa siku moja alimzamisha seremala mmoja, pande la mtu, na seremala kwa woga akang'ang'ania ukingo. Mwili wote ukazama isipokuwa kiwiko cha kulia. Kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba. Mchungaji akainua mkono kuinyamazisha, akamwinamia seremala: "Ndugu yangu, turudi tena. Kiwiko kimebaki duniani." Akamdidimiza mara ya pili, na seremala akatoka anakohoa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na kwa mchungaji huyu uliweza kuyaoga mara mbili.

Mkewe ndiye aliyeshona kanzu nyeupe za ubatizo, na kwenye pindo alitia vijiwe ili zisiinuke majini zikamwaibisha mtu. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyekuja baada ya miaka kumi na moja ya ndoa, watu walipokuwa wameshachoka kuwauliza. Alikuwa mtoto mpole, wa maneno machache, aliyepanga vitabu vya nyimbo kwenye mabenchi tangu hajajua kuvisoma.

Basi mchungaji alibatiza watoto wa watu wote, ila wake hakuomba. Wenzake aliokua nao walipita mbele mmoja mmoja, wengine kwa imani, wengine kwa kuona wivu wa kanzu. Yeye alibaki kwenye benchi lake. Alipofika miaka kumi na tano, kina mama wa kwaya walianza kusemezana kwamba kinyozi hajinyoi. Mchungaji alisikia, akacheka nao, lakini neno lile likamkaa kooni. Angeweza kumwamuru binti yake afue, asome, alale mapema. Hili la kubatizwa haliamriwi, yeye mwenyewe ndiye aliyelihubiri hivyo kwa miaka kumi na tisa. Akabaki kumtazama mezani kila siku kama mtu anayengojea chungu kichemke, na sote tunajua chungu cha kutazamwa hakina haraka.

Mwaka huohuo ikaja barua kutoka bodi ya misheni. Walitafuta mchungaji na mkewe wa kwenda ng'ambo, kwenye mji wa bandari wenye baridi, kuanzisha kanisa mahali ambapo hapakuwa na kitu. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Aliisoma barua ile mara tatu, akaificha ndani ya Biblia, akaitoa, akampa mkewe. Mkewe akasema, "Wewe umeshakwenda. Umebakiza kupanda ndege tu."

Kwa Wabaptisti mchungaji haachiwi na askofu, kwa kuwa askofu hawana. Huachiwa na waumini wenyewe, kwa kunyosha mikono, naye hutolewa nje wakati wanahesabu. Mchungaji akakaa uani kwenye ngazi, na binti yake akaja akakaa kando yake, maana asiyebatizwa si mshirika, na asiye mshirika hana kura. Humo ndani walikuwamo wauza mboga, madereva na mafundi cherehani wakiamua mambo ya nyumba yake. Katibu wa kanisa, karani mstaafu wa posta, akatoka na karatasi, akatangaza kwamba mikono yote imenyoshwa. Mchungaji akalia kwa furaha, na kidogo kwa uchungu, kwa sababu moyoni alitamani japo wawili wangekataa.

Ikaamuliwa binti abaki kwa shangazi yake, dada mkubwa wa mchungaji, asije akaharibu masomo. Shangazi alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa saa na ratiba, ambaye hata kuku wake walilala kwa kengele. Binti hakulalamika. Watu wakamsifia kwa utu uzima wake. Hakuna aliyekumbuka kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Huko ng'ambo mchungaji alijua maana ya kuwa si mtu. Alikuwa amezoea kuhubiria watu mia nne, na sasa alimhubiria mkewe na viti kumi na viwili vya kukunja, kwenye chumba cha kupanga juu ya duka la kufulia nguo. Sakafu ilitetemeka mashine zilipozunguka. Lugha aliisoma kwa vitabu vya watoto wa chekechea, na kila alipofungua mdomo dukani watu walimsubiri kwa huruma. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yake ilikuwa ulimi.

Kilichomwokoa kilikuwa bomba. Mjane mmoja aliyekuwa mfagiaji wa ofisi, mpangaji wa ghorofa ya pili, alipata msiba wa maji jikoni siku ya Jumapili mafundi wakiwa wamelala. Mchungaji akapanda na spana yake, akaingia chini ya sinki na suruali ya ibada, akatoka ameloa hadi kifuani. Mjane akampa taulo na kikombe cha chai. Jumapili iliyofuata akaja kukaa kwenye kiti kimojawapo, nadhani kwa adabu tu. Baada ya huyo walikuja wengine, wote wenye mabomba mabovu. Bomba likivuja halina kabila. Katika miaka sita alibatiza watu tisa, katika bwawa la kuogelea la shule moja walilokuwa wakiazimwa Jumamosi asubuhi, maboya ya watoto yakielea pembeni. Tisa si wengi, lakini kila mmoja wao alimjua mpaka ndani ya kabati zake.

Kila baada ya miezi mitatu aliandika barua ya maombi kwa kanisa la nyumbani, kama wamisionari wote wanavyofanya, ili waliowatuma wajue la kuwaombea. Ilikuwa na maombi matatu. La kwanza lilihusu kazi, na la pili lilihusu afya yao, hasa goti la mkewe. La tatu lilikuwa hivi: "Mwombeeni binti yetu mpendwa, ambaye bado hajampa Bwana moyo wake." Aliliandika likiwa la mwisho kwa sababu lilimuuma kuliko mengine. Kuna miezi aliandika "moyo wake bado mgumu," kuna mwezi wino ulichanganyika na machozi, na mkewe akalazimika kunakili upya. Kwa binti mwenyewe alituma barua nyingine, za kuulizia mitihani na kumsihi asome Neno. Binti alijibu kwa ukurasa mmoja mmoja. Amefaulu. Mvua zimechelewa. Amepata kazi kwenye duka la dawa. Shangazi anawasalimu.

Mwaka wa sita wakapewa likizo ya kurudi nyumbani. Walitarajiwa Jumamosi, lakini wakapata nafasi ya mapema, wakatua Jumatano mchana bila kumwarifu mtu. Mkewe na goti lake wakaenda moja kwa moja kwa shangazi na mizigo. Mchungaji alimwomba dereva wa teksi amshushe kanisani. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, saa ya ibada ya maombi, na hakuweza kulipita jengo lile kama mtu anayepita kituo cha mafuta.

Aliingia kimyakimya, akakaa benchi la mwisho, nyuma ya nguzo. Walikuwa kama watu arobaini, wamempa migongo. Aliitambua migongo yao: ule mpana wa seremala, ule uliopinda wa mama wa kwaya. Benchi la tatu akaiona shingo ya binti yake, na moyo ukamruka. Alikuwa amekuwa mtu mzima. Alikaa karibu na njia, peke yake.

Katibu akavaa miwani, akafunua karatasi. "Barua kutoka kwa mpendwa mchungaji wetu." Mchungaji akatabasamu nyuma ya nguzo. Wakaombea kazi. Wakaombea goti. Kisha katibu akasema, "Sasa ombi la tatu, wapendwa, tusimame kama kawaida yetu." Watu wakasimama. Vichwa vitatu vinne viligeuka kuelekea benchi la tatu, bila ubaya, kama watu wanavyomgeukia mgonjwa wodini. Mama wa kwaya akanyosha mkono akalishika bega la binti. Na binti naye alikuwa amesimama na wenzake, kichwa ameinamisha, akiombewa.

"Binti yetu mpendwa," katibu akasoma kwa sauti ya posta, "ambaye moyo wake bado mgumu. Msichoke." Seremala akaomba kwa niaba ya wote, akimsihi Mungu auvunje moyo ule. Aliomba kwa mapenzi, na aliomba kwa kirefu. Alipomaliza wote wakasema amina, na binti akasema amina.

Mchungaji hakusimama. Alihesabu bila kutaka: barua nne kwa mwaka, na kila barua ikisomwa Jumatano zote mpaka ifike nyingine. Alipokuwa akiandika, kanisa lilikuwa kundi la watu wema walioko mbali, na binti yake alikuwa mtu wa bahasha nyingine. Katika miaka sita haikumjia hata mara moja kwamba binti na kanisa wanakaa chumba kimoja. Mzee mzima, aliyeona kiwiko kimoja kikavu kati ya maji yote yale, hakuliona hili.

Ibada ikaisha, watu wakatokea mlango wa ubavuni, wa kwenda uani. Binti akabaki kukusanya vitabu vya nyimbo. Alifika benchi la mwisho akiwa amevibeba mpaka kidevuni, akamwona.

"Shikamoo, Baba."

Akavipokea vile vitabu, akaviweka chini. "Wanasoma hivi tangu lini?"

"Tangu barua ya kwanza."

"Na wewe unakuwepo?"

"Shangazi hakubali nikose Jumatano. Anasema nisipokuja, sasa watu watamwombea nani?" Alitaka kucheka, akaacha.

"Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeandika ombi la nne."

Mchungaji akafunika uso. Binti akakaa kando yake, wakaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Akasema taratibu, bila hasira, akiangalia mbele: "Mara mbili nilitaka kupita mbele, Baba. Mara moja nilishasimama kabisa. Nikawaza, leo watapiga makofi, na katibu atakuandikia kwamba maombi yamejibiwa, na wewe utawasomea watu wako huko. Nikaona kitakachobatizwa ni barua. Nikakaa."

Mchungaji alikuwa na maneno ya kila aina ya majonzi, ya msibani, ya hospitalini, ya gerezani, yote aliyatumia maishani kwa watu wengine, na hakuna hata moja lililomfaa. Akasema la mtu wa kawaida. "Nisamehe, mama. Nilidhani ndiyo namna ya kukupenda."

"Najua. Ndiyo maana nilikuwa nasema amina."

"Nifanye nini sasa? Niambie. Nikiambiwa nisimame Jumapili nikalifute mbele yao, nitasimama."

"Hapana, tafadhali. Usinisimamie tena popote." Akafikiri. "Niulize habari za kazini. Miaka miwili niko duka la dawa, hujawahi kuniuliza hata tunauza nini."

Basi yule aliyevuka bahari kwenda kuwatafuta watu asiowajua akageuka kwenye benchi, akamtazama binti yake, akamuuliza kazini kwake kukoje. Binti akaanza kwa mkato, kama kwenye barua zake. Halafu akamweleza habari za bibi mmoja anayekuja kila siku kununua kidonge kimoja kimoja ili apate mtu wa kuongea naye, na mwenye duka anayeogopa sindano, na jinsi alivyojifunza kusoma miandiko ya madaktari ambayo madaktari wenyewe hawaisomi. Mchungaji aliuliza, akacheka, akauliza tena. Mlinzi alikuja kufunga milango, akawaona, akarudi kukaa nje. Waliondoka pale baada ya saa nzima, kila mmoja na vitabu mikononi, na mama yake binti bado alikuwa hajui mwanawe yuko wapi.

Likizo ilipokwisha, mchungaji na mkewe walirudi kwa watu wao tisa. Barua za maombi ziliendelea kuja, zenye maombi mawili. Wengi wameuliza kama binti alikuja kubatizwa hatimaye, na kama ni baba yake aliyemzamisha. Wamwulize mwenyewe, yupo dukani, na kuhusu dawa ni mwongeaji mzuri.